Kompyuta mtumba yenye Windows 7 kwa ajili ya mashine ya stika: nichukue ipi kati ya hizi tatu?

SteshenariMbuyuni, Moshi

Habari za majukumu, wakuu. Ninaomba ushauri kabla sijatoa fedha, kwa sababu mara ya mwisho nilinunua kwanza nikauliza baadaye, na majuto yake ninayo mpaka leo.

Nina kiofisi cha steshenari karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi. Kazi zangu ni mbili. Ya kwanza ni ile ya kila steshenari: kuchapa barua, kutoa kopi na kuwajazia watu maombi mtandaoni, yaani mkopo wa Bodi ya Mikopo, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa wa RITA, mfumo wa Ajira, pamoja na usajili wa majina ya biashara wa BRELA. Ya pili ndiyo inayolipa kodi ya pango: nina mashine ya kukata stika, ambayo ninaitumia kuandika majina ya bodaboda, maneno ya nyuma ya daladala na mabango madogo ya maduka. Mashine hiyo niliachiwa na kaka yangu alipohamia Dodoma. Inaunganishwa kwa kebo nene yenye pini 9, si kwa tundu la USB, na programu yake ilikuja kwenye CD ambayo jalada lake linasema inahitaji Windows XP au Windows 7. Programu haifunguki mpaka uchomeke kijiti kidogo kinachofanana na flashi, ambacho ndicho leseni yake.

Kompyuta iliyokuwa ikifanya yote hayo ilikufa wiki mbili zilizopita. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, nikasikia mlio mmoja kama wa bisi inapopasuka kwenye sufuria, kisha ikafuata harufu ya kuungua. Fundi aliifungua akaniambia kwamba pawasaplai imeondoka na ubao mama, na kwamba kuitengeneza ni kutupa fedha.

Nina shilingi 600,000, na nimeona kompyuta tatu za mezani, zote mtumba zilizokarabatiwa. Ya kwanza ni Dell OptiPlex 9020 ya kasha kubwa, iko hapahapa Moshi, prosesa i5-4570, RAM ya GB 4, diski ngumu ya GB 500, ina Windows 7, na bei yake ni 250,000. Ya pili ni HP EliteDesk 800 G2 iliyoko Arusha, i5-6500, RAM ya GB 8, Windows 10, bei 380,000. Ya tatu ni Dell OptiPlex 3060, nayo iko Arusha, i5-8500, RAM ya GB 8, SSD (diski ya kisasa yenye kasi) ya GB 256, Windows 11, bei 560,000. Ile ya Moshi nimeigeuza nyuma nikaona ina tundu la pini 9. Hizo mbili za Arusha sikukumbuka kutazama.

Muuzaji wa Arusha aliniambia kwa kujiamini kwamba yoyote nitakayochagua atanipigia Windows 7 ndani ya dakika ishirini. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, je, si afadhali nichukue hiyo mpya kuliko zote kisha niirudishe Windows 7?

FundiKaloleni, Arusha

Pole kwa hasara, dada. Kompyuta za namna hiyo hupita mikononi mwangu kila wiki, kwa hiyo univumilie nikiandika kwa urefu.

Anza na namba ya prosesa, maana ndiyo inayojibu swali lako karibu lote. Kwa hizi tatu, tarakimu inayofuata baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-4570 ni kizazi cha 4, i5-6500 ni cha 6, na i5-8500 ni cha 8. Windows 11 inataka, kwa orodha ya Microsoft wenyewe, prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Windows 7 ilitoka mwaka 2009, na kadiri kizazi kinavyopanda ndivyo inavyozidi kuwa mgeni ndani ya mashine. Kwa maneno mengine, unatafuta kompyuta moja ya kuwatumikia mabwana wawili wanaovutana: ile inayofaa zaidi kwa stika ndiyo isiyofaa kwa Windows 11, na ile inayofaa kwa Windows 11 ndiyo itakayoikataa Windows 7.

Sasa hiyo habari ya dakika ishirini. Kwenye kizazi cha 4 ni kweli, tena bila jasho. Kwenye kizazi cha 6 utakutana na jambo ambalo limewatoa machozi vijana wengi wa kazi hii: unaanza kuweka Windows 7, skrini ya kuchagua lugha inakuja vizuri, halafu kipanya hakisogei na kibodi haiitiki. Sababu ni kwamba matundu yote ya USB ya kizazi hicho yanaongozwa na kidhibiti cha USB 3, na DVD ya Windows 7 haikijui, kwani ilitengenezwa kabla yake. Hutibiwa kwa kuingiza draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa, ndani ya flashi ya usakinishaji mapema, au kwa kutumia kibodi ya lile tundu la zamani la duara, na hatimaye inakubali. Kizazi cha 7 na cha 8 Microsoft ilishakataa kukihudumia kwa Windows 7, na hata ukilazimisha, draiva rasmi ya picha kwa prosesa kama hiyo i5-8500 haipo, kwa hiyo utakaa na skrini isiyo na ukubwa wake halisi. Kwa kazi ya kuchora stika, hilo ni kama kushona nguo gizani. Jibu la swali lako la mwisho kwa hiyo ni hapana: usilipe 560,000 ili uirudishe nyuma.

Upande wa usalama hesabu ni hii. Windows 7 iliacha kupewa masasisho ya usalama kwa watu wa kawaida tarehe 14 Januari 2020. Kivinjari cha Chrome kiliiacha mwanzoni mwa mwaka 2023, na toleo la mwisho linalokubali kuingia humo ni la 109. Windows 10 nayo ilifika mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa mtu binafsi anaweza kujiandikisha kwa ulinzi wa nyongeza unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Wewe unashika namba za NIDA za watu, nywila zao za mikopo na vyeti vyao. Windows 7 isiguse mtandao katika ofisi yako hata kwa dakika moja ya kupakua barua pepe.

Kwa hiyo, kama ingekuwa fedha yangu, ningenunua hiyo 9020 kwa ajili ya stika peke yake, nikaiacha bila mtandao, na ile ya HP ningeichukua kwa ajili ya maombi huku nikijua kwamba baada ya muda si mrefu itahitaji mfumo mwingine. Zote mbili zinazidi bajeti yako kwa 30,000 tu, na hapo ndipo ulimi wako wa sokoni utakapofanya kazi.

Kabla hujalipia hiyo 9020, ifanyie haya mbele ya muuzaji. Fungua ubavu wake utazame kapasita, yale mapipa madogo yaliyosimama kwenye ubao mama: vichwa vyake viwe bapa, na kilichovimba au kutoa ute wa kahawia ni sababu ya kuondoka dukani. Iwashe ukibonyeza F2, uingie kwenye mipangilio ya ndani. Ikikuomba nywila ambayo muuzaji haijui, iache, kwa kuwa ilikuwa mali ya kampuni na haijaachiliwa sawasawa. Ikishawaka, fungua dirisha la amri uandike slmgr /xpr. Ikijibu kwamba leseni ni ya kudumu, angalau ni dalili njema, lakini ikitaja tarehe ya kuisha, mara nyingi imewashwa kwa programu ya kuvunja leseni, na programu hizo ndizo zinazobeba virusi mgongoni. Mwisho, nenda na flashi yenye programu ya CrystalDiskInfo. Itakuonyesha diski ngumu imefanya kazi saa ngapi. Mwaka mzima bila kuzima ni saa 8,760, kwa hiyo ukiona saa 35,000, hiyo ni miaka minne mfululizo. Saa nyingi peke yake si ugonjwa, ila sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa kwa ubovu au zinazosubiri kuhamishwa zikiwa zaidi ya sifuri, dai diski ngumu nyingine.

Nikumbushe jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Pawasaplai ya 9020 si ya kawaida: plagi yake kuu inayoingia kwenye ubao mama ina pini 8, wakati zile zinazouzwa kila duka zina pini 24. Ikiungua kama ya mwanzo, hutaipata kwa kuvuka barabara. Usiiwashe bila UPS, kile kifaa chenye betri kinachoilinda umeme unapokatika, hata kwa majaribio.

Mdau_wa_Sakina

Ndugu Fundi amemzungusha dada wa watu bure. Achukue ya 560,000 yenye Windows 11 yake, anunue waya wa kubadilisha USB kuwa pini 9, mambo yaishe. Mwaka huu mtu bado anatafuta Windows 7 ya nini?

FundiKaloleni, Arusha

Mdau, waya huo ninao mezani, tena mitatu. Mmoja tu ndio unaofanya kazi kwenye Windows 11. Mingine miwili ina chipu ya zamani ya Prolific, na ukiichomeka, orodha ya vifaa inaweka alama ya njano na maelezo kwamba aina hiyo iliondolewa sokoni tangu mwaka 2012, wasiliana na aliyekuuzia. Kwa nje yote mitatu inafanana kama mapacha. Pia hujamjibu kuhusu kile kijiti cha leseni, ambacho ndicho ninachokiogopa kuliko waya.

MwalimuRau, Moshi

Nimesoma hoja za pande zote mbili, na naona mnajibu swali ambalo bado halijapimwa. Jalada la CD linaposema "Windows XP au 7", linaeleza tu mifumo iliyokuwepo siku lilipochapwa. Inatupasa kujua ni kiungo gani hasa kinachoihitaji Windows ya zamani.

Viungo viko vitatu. Kebo ya pini 9 haidai draiva ya peke yake, kwa sababu tundu hilo Windows inalijua tangu enzi na enzi kwa jina la COM1. Programu ya kuchorea, ikiwa ni ya biti 32, yaani muundo wa zamani kuliko ule wa biti 64 wa siku hizi, kwa kawaida inafunguka hata kwenye Windows 11, kwani mifumo ya biti 64 bado inabeba programu za biti 32. Isipokuwa kama kisakinishi chake ni cha zamani mno cha biti 16, hapo haitaanza kabisa. Kiungo cha tatu ni kijiti cha leseni, na hapa namuunga mkono Fundi, maana draiva inakaa chini kabisa kwenye moyo wa mfumo, na Windows ya biti 64 haipokei draiva ya biti 32 kwa namna yoyote. Kama draiva ya kijiti chako ni ya biti 32 tu, unahitaji Windows ya biti 32, na Windows 11 haina toleo hilo.

Ushauri wangu ni kwamba, dada, panda gari uende Arusha na CD yako na kijiti chako, umwombe muuzaji akuruhusu kusakinisha programu kwenye hiyo yenye Windows 11 kabla hujalipa hata senti. Mashine ya kukatia iache nyumbani. Programu ikifunguka na kukitambua kijiti, Mdau ana haki, nunua hiyo. Ikikataa, rudi Moshi ununue 9020, lakini usinunue mbili. Nitakueleza kwa nini.

Kasha kubwa la 9020 lina nafasi ya diski mbili na zaidi. Windows 7 ibaki kwenye diski ngumu yake, ukizima kadi ya mtandao ndani yake. Ongeza SSD ndogo ya GB 240, uweke Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambayo ni bure na toleo lake la 22 linapewa masasisho hadi mwaka 2029. Unapoiwasha unabonyeza F12, unachagua diski: asubuhi maombi, jioni stika. Mint inaendesha Firefox na Chrome za leo kwenye kizazi cha 4 bila malalamiko. Chumba cha kompyuta cha shule ninayofundisha kina mashine kumi na mbili za rika hilo, na wanafunzi huingia humo kila siku.

Kasoro zipo, sitaficha. Wasifu wa kazi uliotengenezwa kwa Word, ukiufungua kwa LibreOffice, programu ya kuandikia ya Mint, unaweza kukuta mistari imehama na picha imepanda juu ya jina, kwa hiyo waombe wateja wakuletee PDF. Kuhusu printa, baadhi ya zile za bei nafuu draiva zake za Linux unazitafuta kwa tochi. Taja aina yako hapa kabla hujaamua.

SteshenariMbuyuni, Moshi

Shikamoo mwalimu, na asante sana kaka Fundi. Nimetoka Arusha jana na nimeona niwape majibu.

Kwenye ile ya Windows 11, muuzaji hakupenda, lakini alikubali nilipomwonyesha kwamba nina fedha mkononi. Haina sehemu ya CD, ikabidi tuinakili kwenye flashi kupitia kompyuta yake nyingine. Programu ilisakinishwa vizuri mpaka mwisho na nikaanza kufurahi. Nilipochomeka kijiti, taa yake ndogo nyekundu, ambayo huwaka mara moja kikishatambulika, haikuwaka, na programu ikaandika kwamba ufunguo haujapatikana. Tukajaribu matundu yote ya USB, mbele na nyuma. Nikamwomba ajaribu kwenye hiyo HP yenye Windows 10, ikawa vilevile, na zote mbili zilikuwa za biti 64. Nyuma ya HP tundu la pini 9 lipo. Nyuma ya 3060 halipo, ila kuna kipande cha bati kimefunika mahali pake.

Kwa hiyo naona njia ni ile ya mwalimu. Lakini nina wasiwasi: hiyo 9020 nimeambiwa Windows 7 yake ni ya biti 64. Je, leseni yake itakufa nikibadilisha? Printa yangu ni ya leza ya HP, ya nyeusi tu, na inafanya kazi za kopi na kuskani pia.

FundiKaloleni, Arusha

Nimekubali kushindwa na mwalimu kwa sehemu. Sikufikiria diski mbili kwa sababu katika ofisi yenye foleni, kuzima na kuwasha upya ili ubadilishe kazi kunachosha, lakini wewe ndiye unayeijua foleni yako.

Kuhusu leseni, tazama ubavuni au juu ya kasha kama kuna kibandiko cha Windows 7 Pro chenye herufi na namba 25. Ufunguo huo unatumika kwa biti 32 na kwa biti 64, kwa hiyo hupotezi kitu. Fahamu tu kwamba Windows ya biti 32 haiwezi kutumia RAM zaidi ya GB 4, na kwa kweli utaona imebaki tatu na ushee. Kwa stika inatosha. Ukiongeza RAM ifike GB 8, faida yake utaiona upande wa Mint, na nakushauri uongeze, maana vivinjari vya siku hizi vinakula RAM kama moto wa makumbi. Kumbuka kwamba 9020 inatumia RAM ya DDR3, usije ukauziwa DDR4 ambayo haitaingia hata ukiisukuma.

MwalimuRau, Moshi

Marahaba, dada. Printa za HP zina bahati upande huo, kwa sababu draiva zao kwa Linux zinatolewa na kampuni yenyewe na huja ndani ya Mint. Baadhi ya za leza ndogo hudai upakue kipande kimoja cha nyongeza siku ya kwanza, basi. Mwombe muuzaji aiwashe Mint kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, uichapishe karatasi moja. Nenda na printa yako, ni umbali wa bajaji.

Mdau_wa_Sakina

Kijiti kimenishinda, nakiri. Ila msimwache dada bila hifadhi. Kijiti hicho kikipotea au kikikanyagwa, biashara ya stika imekwisha, hata awe na kompyuta kumi. Akifunge kwenye kasha kwa kamba. Na kama mashine inapokea lugha ya kawaida ya wakataji, ile ya HPGL, ajue kwamba zipo programu za bure kama Inkscape na Inkcut ambazo zinaweza kuipelekea kazi kupitia tundu hilohilo la pini 9 kutoka ndani ya Linux. Asizitegemee leo, ila azijaribu polepole, ili siku kijiti kikifa asianze kulia.

SteshenariMbuyuni, Moshi

Nimenunua. Naandika yote ili atakayekuja na shida kama yangu asizunguke.

Hiyo 9020 ilishuka hadi 230,000 baada ya CrystalDiskInfo kuonyesha saa 41,000 na sekta mbili zilizohamishwa. Muuzaji aliwahi kusema kwamba kompyuta "haijatumika sana Ulaya", kisha akatazama zile saa, akanyamaza, akatoa diski ngumu nyingine yenye saa 12,000 na sekta safi. Kapasita zote zilikuwa bapa na F2 haikuomba nywila. Amri ya leseni ndiyo iliyomuumbua, kwani ilitaja tarehe ya kuisha miezi sita mbele. Kibandiko cha Windows 7 Pro kipo juu ya kasha, ingawa namba tatu zimefutika kiasi na ilibidi tuzimulike kwa tochi ya simu tukiinamisha kasha. Tukafuta kila kitu, tukaweka ya biti 32 kwa ufunguo huo, nao ukakubali. SSD ya GB 240 na RAM ya kuongeza vilinigharimu 110,000 kwa pamoja. Nimeandikiwa waranti ya mwezi mmoja kwenye risiti ya EFD, si kwa mdomo.

Kijiti kilichomekwa, taa nyekundu ikawaka. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kuipenda taa ndogo kiasi hicho.

Stika ya kwanza haikwenda vizuri. Niliandika jina la bodaboda la mteja, nikatuma, na kisu kikaenda kasi pembeni kikachora mistari isiyofanana na herufi yoyote, kikala karibu nusu mita ya vinaili nyekundu. Nilidhani mashine imeharibika. Kumbe kasi ya mawasiliano ya COM1 kwenye Windows mpya ilikuwa tofauti na ile iliyowekwa kwenye mashine ya kukatia. Nilipoziweka zote mbili kwenye 9600, maneno yakatoka kama yalivyo. Kama kuna mwingine mwenye mashine ya pini 9, aangalie hapo kabla hajapoteza malighafi.

Upande wa Mint, printa ilichapisha siku ya kwanza, na kuskani kulikubali baada ya kupakua kile kipande alichokitaja mwalimu. Tatizo lilikuja asubuhi ya pili: kila tovuti ya serikali niliyoifungua ilisema kwamba muunganisho si salama. Nilidhani nimepata virusi hata kabla sijaanza. Kumbe tarehe ya kompyuta ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, kwa kuwa usiku naichomoa ukutani, na betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama, CR2032, ilikuwa imekufa. Kivinjari kikiona tarehe hiyo, kinadhani vyeti vya usalama vya tovuti bado havijaanza kutumika. Betri nilinunua kwenye duka la saa kwa shilingi 2,000, na tovuti zote zikafunguka.

Nimebakiwa na 258,000. Kati ya hizo nitatoa za UPS wiki hii, na zinazobaki nitaziweka mpaka zifikie bei ya kizazi cha 8 kwa ajili ya maombi peke yake, kwa sababu kaka Fundi alikuwa sahihi kuhusu foleni: jana mama mmoja alisubiri nikimalizia bango, kisha akasubiri tena kompyuta ibadilishe diski, na mara ya tatu akaniuliza kama hiyo mashine inaswali kwanza kabla ya kufanya kazi.